Mchezo Unaosubiri Kupigwa Marufuku

Haya ninayoyasimulia si ya zamani sana, na yametokea katika nchi yenye jina zuri mno, ila kulitaja jina hilo bila kibali ni kosa, na kibali changu kilikwisha muda mwezi Machi. Kwa hiyo nitasema tu "nchi yetu". Msomaji akidhani namaanisha nchi yake, hilo ni baina yake na dhamiri yake.

Mimi ni Karani wa Vicheko, Daraja la Pili, katika Wizara ya Imani, Hali ya Hewa na Vipaza Sauti. Wageni hushangaa mambo hayo matatu yanakaaje chini ya waziri mmoja. Ni rahisi tu. Watu wakiomba mvua, hiyo ni imani. Mvua ikinyesha, hiyo ni hali ya hewa. Na wanaogombania ni nani aliyeileta hutumia vipaza sauti. Kazi yangu ni kuketi kila Jumamosi saa tisa alasiri katika Ukumbi wa Maendeleo, safu ya pili, kiti cha pembeni, na kuandika kila kicheko kinachotoka humo: kimeanzia wapi, kimedumu sekunde ngapi, na kama ni cha puani, cha tumboni au cha kujificha kwenye leso. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na tisa, na sijapewa hata cheti cha kushiriki.

Mchezo ninaousikiliza unaitwa Fundi wa Funguo. Ni mchezo wa nyimbo, wenye bendi, wachezaji na kwaya ya watu ishirini, na unamhusu fundi kufuli mmoja aitwaye Nabii Kitasa. Huyu alilala mchana kweupe baada ya kushiba, akaota lango la mbinguni, akaamka akijua umbo la ufunguo wake. Basi akaanza kuwachongea waumini funguo. Waumini wakaanza kugombana. Wenye funguo za shaba wakasema zao ni za mlango mkubwa, na kwamba zile za chuma hufungua jikoni tu. Wenye funguo za chuma nao wakaacha kuwasalimia wenzao. Wakatokea wengine waliosema ufunguo usitumike kabisa, ubusiwe tu. Mwisho wote wanafika mbinguni kwa mkupuo, baada ya jukwaa la mkutano wa kupatana kuvunjika, na huko wanakuta lango halina kitasa. Liko wazi nusu, na limekuwa hivyo tangu kuumbwa kwake. Waumini wanakataa kuingia. Wanakaa nje na kuunda kamati ya kuomba lango lifungwe, ili funguo zao zipate kazi.

Hapo watu huanguka chini. Sisemi kwa mfano. Nina orodha ya walioanguka.

Mchezo ulitungwa uchezwe siku tatu tu, halafu watu warudi makwao. Lakini siku ya pili Wizara yetu ikapokea malalamiko kutoka kwa viongozi wa dini zote tatu za nchi, na wa dini ya nne inayosubiri usajili. Ilikuwa mara ya kwanza viongozi hao kukubaliana jambo, na Serikali ikafurahi sana. Ikaamua mchezo upigwe marufuku, ila kwa kufuata sheria, maana sisi si washenzi.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Ukaguzi wa Dhihaka, na niwie radhi nikiieleza, kwa sababu bila hiyo hakuna hadithi. Kifungu cha sita kinasema mchezo hauwezi kupigwa marufuku mpaka mkaguzi autazame wote na kuandika taarifa. Kifungu cha saba kinasema mchezo unaokaguliwa ni kielelezo, kwa hiyo lazima uendelee kuchezwa kila wiki, na wachezaji walewale na maneno yaleyale, bila kuongeza wala kupunguza, mpaka taarifa ikamilike. Na kifungu cha tisa kinasema kwamba mkaguzi au afisa yeyote atakayecheka katika shauri la dhihaka amekuwa mshiriki wa kosa. Hana tena mamlaka juu ya kielelezo, na ukaguzi unaanza upya.

Basi ukaguzi umekuwa ukianza upya kwa miaka kumi na tisa.

Tumejaribu kila aina ya mtu. Alikuja jaji mstaafu, akatazama mchezo wote kama anayesubiri basi, tukadhani tumemaliza. Kumbe jambo lilimrudia akiwa chooni, akacheka peke yake, na mfagizi akaripoti. Sheria haisemi kicheko kitokee wapi. Akaja bwana mmoja aliyefanya kazi chumba cha maiti miaka thelathini. Huyo hakufika hata wimbo wa tatu. Tukaagiza mtaalamu kutoka ng'ambo asiyejua lugha yetu, akakaa kimya sehemu yote ya kwanza, halafu akageuka nyuma kutazama kwa nini watu wanalia, akaambukizwa. Kanali mmoja alipita kwanza kwa daktari wa meno akachomwa sindano za ganzi mashavu yote mawili. Uso wake haukutikisika, ila mabega yalitikisika, na jopo la madaktari likakaa siku mbili kabla ya kuthibitisha kwamba mabega nayo hucheka. Jumla ya wakaguzi walioharibika ni ishirini na saba.

Ninaulizwa sana na vijana wa ofisini kwa nini mchezo huo hauchoshi. Jibu rasmi ni kwamba watu wetu hawana mahali pengine pa kwenda Jumamosi. Lakini mimi nina madaftari yangu, na nimeona jambo. Mchezo haujabadilishwa hata neno moja, sheria hairuhusu. Walakini kila mwaka watu huapa kwamba kimeongezwa kipande kipya cha kumsema kiongozi fulani aliyetajwa magazetini wiki hiyo. Mwaka jana Waziri wetu mwenyewe alilalamika kwamba wimbo wa "Nibusu Ufunguo" ulitungwa kumdhalilisha yeye. Tukachunguza tukakuta wimbo ulitungwa yeye akiwa kidato cha pili. Alipoambiwa hivyo akasema basi ni unabii, na akaomba tiketi mbili.

Na wanaokuja ni wacha Mungu hasa. Wapagani wa nchi yetu, nao ni wachache, huuona mchezo mara moja wakatosheka. Wanaorudi ni wanakwaya, wazee wa kanisa, maimamu waliovaa kofia za mpira, masista waliojifunika kanga. Wanakaa wamejiinamia wasitambuane, halafu wimbo wa lango unapoanza wote wanauimba kwa sauti nne.

Sasa nije kwa Sospeter Ngwale, maana haya yote yalimwangukia yeye.

Sospeter ndiye Nabii Kitasa. Alipochukua nafasi hiyo alikuwa na miaka arobaini na mbili na nywele za kutosha, na alikuwa ameahidi kuicheza siku tatu. Nyumbani alikuwa na mkewe, Eliwaza, ambaye majirani humwita Mama Nuru. Walikuwa wameoana kwa mila, mahari imekubaliwa, wazee wamekula, lakini ndoa ilikuwa haijabarikiwa kanisani. Walipanga kuibariki mwezi ule ule mchezo ulipoanza. Mchungaji wao, Mchungaji Kihwelo, aliposikia bwana harusi anacheza nini, akafunga kitabu. Akasema hatabariki ndoa ya mtu anayefanyia mzaha mambo matakatifu kila Jumamosi. Sospeter aache mchezo, ndipo aje.

Sospeter akaenda Wizarani kuomba kuacha mchezo. Mimi mwenyewe nilikuwepo. Mkurugenzi wetu, Bwana Nyangusi, mtu mpole asiyependa kumuudhi mtu, alimwonyesha kifungu cha saba na kumweleza kwamba yeye si mwigizaji tena, ni Kielelezo Namba Moja, na kielelezo hakiwezi kuacha kazi. Akampa pole na kalenda ya Wizara.

Wasioijua nchi yetu watauliza kuna ubaya gani ndoa isipobarikiwa, kama watu wanapendana. Ubaya ni kwamba katika kanisa la Mchungaji Kihwelo mwanamke ambaye ndoa yake haijabarikiwa hashiriki meza ya Bwana, haimbi na akina mama, havai gauni jeupe la kola ya buluu, na hukaa benchi la mwisho, karibu na mlango, pamoja na wageni na wanaochelewa. Eliwaza alikaa benchi hilo miaka kumi na tisa. Wasichana aliowafundisha Shule ya Jumapili walikua, wakabarikiwa, wakavaa kola ya buluu, wakampita kwenda mbele. Alikuwa ameshona gauni lake tangu mwanzo, na alilipanua mara tatu. Mama yake mzazi, ambaye sasa ana miaka themanini na minane, alikuwa akimuuliza kila Krismasi, kwa upole ambao ni mbaya kuliko kelele, kama mwaka huu itawezekana.

Na Sospeter alimpenda mke huyo. Nasema wazi kwa sababu madaftari yangu hayana safu ya jambo hilo.

Alijaribu kila njia. Kwa kuwa hakuruhusiwa kubadilisha maneno, aliwasihi wenzake wayaseme vibaya: polepole, bila hamu, macho juu darini, ili mkaguzi wa siku hiyo apate kumaliza salama. Wenzake walimwonea huruma wakakubali. Lo, sijawahi kuandika kama siku ile. Walipoacha kuigiza, wakafanana barabara na Ibada ya Kitaifa ya kila mwaka, ile inayorushwa redioni na vituo vyote, na ukumbi ukapasuka. Mkaguzi, afisa wa forodha, alitolewa kwa machela akiomba msamaha.

Basi mwaka huu, mwezi wa Februari, Mchungaji Kihwelo mwenyewe akaja Wizarani. Alikuwa amemzika mzee mmoja na kumwona Eliwaza akibeba maji ya kunawa watu, peke yake, akina mama wa kola ya buluu wamekaa kundi lao, na jambo hilo lilimkaa moyoni. Mchungaji si mtu mbaya. Ni mtu aliyeweka sharti akiwa kijana akashindwa kulitengua akiwa mzee. Akamwambia Bwana Nyangusi kwamba ateuliwe yeye awe mkaguzi wa ishirini na nane. Yeye huwa hacheki, mwulizeni yeyote usharikani. Atakaa, atatazama, ataandika taarifa alasiri moja. Serikali itapata marufuku yake, Sospeter atakuwa huru, na yeye atabariki ndoa. Bwana Nyangusi alikaribia kumkumbatia.

Habari zikaenea, na Jumamosi hiyo ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Watu walikuja kuuaga mchezo. Nyuma ya pazia, Sospeter aliniuliza kama nadhani Mchungaji ataweza. Nikamwambia ninavyomjua, ataweza. Akatikisa kichwa kwa furaha, halafu akaketi juu ya ngoma, akakaa hapo muda mrefu akilitazama joho lake la Nabii.

Mchungaji alitazama sehemu ya kwanza yote bila kupepesa. Nilimwangalia kwa karibu, kikazi. Wimbo wa shaba na chuma ulipita, akaandika tarehe. "Nibusu Ufunguo" ikapita, akakuna sikio. Waumini wake walikuwa juu roshani, kina mama kumi na wanne waliojifunga kanga hadi machoni, na nilisikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba kweli mtumishi ana neema.

Kisha tukafika kwenye mahubiri. Hapo Nabii Kitasa anatakiwa kumwambia muumini mmoja mbele ya wote kwamba ufunguo wake ni feki. Kabla ya kusema hayo, Nabii huvua miwani. Anaipulizia. Anaifuta kwa pindo la joho, kioo cha kulia kwanza, kisha cha kushoto. Anaivaa tena, anasema "Wapendwa," na kunyamaza. Sospeter amefanya hivyo kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa.

Mchungaji Kihwelo alitazama hayo kwa makini. Jambo lilimgusa, nadhani, kama linavyomgusa mtu aliyetoa habari ngumu nyingi maishani. Akavua miwani yake. Akaipulizia. Akaifuta kwa ncha ya koti, kioo cha kulia kwanza.

Roshani ndiyo iliyoanza, kwa waliozoea kuiona miwani hiyo ikifutwa vivyo hivyo madhabahuni. Kina mama kumi na wanne, vicheko vya leso, leso zote zikashindwa. Kisha safu za katikati, kisha kwaya jukwaani. Mchungaji akageuka kuona kuna nini. Akamtazama Sospeter, aliyesimama na miwani mkononi. Akatazama mkono wake mwenyewe. Akakaa hivyo sekunde nne, nilizihesabu, halafu kikamtoka kicheko cha tumboni kilichodumu sekunde hamsini na mbili. Ni rekodi ya nchi. Alilia, akapiga goti kwa ngumi, akamshika bega mtu asiyemjua.

Mchezo ulipokwisha, watu walishangilia kwa sababu ungeendelea. Mimi nilikusanya daftari langu nikapita ukumbini kwenda kumpa mkaguzi fomu ya kuvuliwa madaraka. Eliwaza alikuwa amesimama kwenye ujia, mkoba kifuani. Alikuwa amekuja kumsubiri mumewe akiwa huru. Mchungaji alipotoka, bado anafuta macho, alimkuta pale na kicheko kikamwisha.

Akamwambia Mama Nuru amsamehe, ameshindwa, ukaguzi umefutika.

"Nimesikia, Baba Mchungaji," Eliwaza akasema. Hakupandisha sauti. "Ulicheka vizuri. Sasa naomba unieleze jambo moja. Mimi nimekaa nyuma miaka kumi na tisa kwa sababu mume wangu anachekesha watu. Mama zako wa kola ya buluu walikuwa roshani, nimewaona, na si mara yao ya kwanza. Na wewe umecheka kuliko wote. Jumapili hii tukae nyuma wote, au tukae mbele wote? Niambie, nijue gauni langu nilifanyie nini."

Mchungaji alipeleka mkono kwenye miwani, akaushusha. Kisha akasema matangazo ya ndoa yatasomwa Jumapili hiyo, na mbili zinazofuata, kama utaratibu ulivyo.

Yakasomwa. Jumapili ya nne kanisa lilijaa watu wa dini zote tatu na wa ile ya nne. Mama mzazi wa Eliwaza aliletwa kwenye kiti cha magurudumu na kuwekwa mbele kabisa. Eliwaza alivaa lile gauni. Sospeter alivaa suti nyeusi, akaonekana mfupi kuliko tulivyomzoea. Mchungaji akaanza kwa kutangaza kwamba yeye mwenyewe alikosea miaka kumi na tisa, akaomba msamaha kwa maneno machache, bila kuigusa miwani. Halafu akauliza, kama kitabu kinavyotaka, kama yupo mwenye pingamizi.

Bwana Nyangusi akasimama.

Msimlaumu. Alikuwa na kurasa kumi na nne. Yeye ndiye aliyepaswa kuitia sahihi marufuku siku moja, na ili abaki safi alikuwa hajauona mchezo kamwe, wala kupita mtaa ule, wala kuruhusu mtu auimbe mbele yake. Alikuwa afisa wa mwisho katika Wizara nzima ambaye hajacheka. Akafungua karatasi zake akasoma kwa sauti ya huzuni kwamba katika jalada la shauri, Kielelezo Namba Moja kimesajiliwa kama "mwanamume, asiye na ndoa ya kanisa". Kwa hiyo kumfungisha ndoa ni kukivuruga kielelezo. Kwa mujibu wa kifungu cha saba, kielelezo hakitabadilishwa, hakitahamishwa, wala hakitaunganishwa na kitu kingine chochote.

Sospeter akafumba macho. Nilimwona yule bibi kwenye kiti cha magurudumu akiuliza walio karibu mkubwa yule amesema nini, na hakuna aliyetaka kumweleza.

Eliwaza ndiye aliyegeuka.

"Mheshimiwa," akasema, "hicho kielelezo chenu kinakoroma. Hilo mmeliandika? Kinakoroma, kinakula ugali wa usiku asubuhi, na kikiugua homa kinataka kishikwe mkono. Miaka ishirini na miwili nakitunza mimi. Wizara haijaleta hata mkaguzi mmoja kuja kukigeuza ubavu."

Bwana Nyangusi alijitahidi. Mimi ni shahidi. Alikunja midomo, akatazama darini, akarudi kwenye ukurasa wa tisa. Alifika kwenye maneno "kielelezo husika" na sauti ikamponyoka juu kama ya kijana anayebalehe. Akarudia, "kielelezo husika," na hapo ikawa basi. Miaka kumi na tisa ilimtoka kwa mara moja. Kurasa kumi na nne zilimwagika chini ya mabenchi, naye akakaa akizicheka.

Watu wote wakanigeukia mimi. Nilikuwa na daftari, maana siendi popote bila hilo. Nilimtazama mkuu wangu wa kazi, aliyeniajiri, aliyenipa likizo mama yangu alipofariki. Nikaandika: afisa, mwanamume, cha tumboni, sekunde thelathini na moja. Bwana Nyangusi alinyoosha mkono, nikadhani anataka kulichana. Akalitia sahihi, akajifuta machozi, akaniambia kwamba hana tena mamlaka juu ya kielelezo, na niketi chini ibada iendelee.

Mchungaji akamuuliza Eliwaza kama anamkubali mwanamume huyu. Eliwaza akajibu ndiyo, nakubali, haraka, kama mtu anayelipokea lililokuwa lake.

Kisha Mchungaji akamgeukia Sospeter na kumuuliza vivyo hivyo.

Sospeter amesema maneno ya Nabii Kitasa Jumamosi zote hizo bila kukosea. Nina ushahidi, kuna safu ya makosa katika kila daftari na safu yake ni tupu. Alifungua mdomo. Akamtazama Mchungaji, akamtazama mkewe, akatutazama sisi. Hakuna kilichotoka. Alikuwa amesahau. Kanisa zima lilijua neno lile, na watoto walilijua, na yeye alisimama pale analitafuta.

Eliwaza akamsogelea, akamnong'oneza sikioni: "Ndiyo, nakubali, Baba Nuru."

"Ndiyo," Sospeter akasema. "Nakubali." Aliyasema kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia jukwaani, na katika watu wote waliojaa humo ndani hakuna aliyecheka.